Nani Awezaye Kumsemea Mwenziwe?

Liko neno litukialo kila siku vijijini mwetu, wala hatulipimi: nalo ni neno la kumsemea mtu mwingine. Baba huwasemea wanawe, mzee huusemea ukoo wake, mwalimu huwasemea wazazi mbele ya wakubwa wa shule. Amsemeaye mwenziwe amechukua sauti isiyo yake. Basi twauliza: haki hiyo aipata wapi? Je, kumpenda mtu kwatosha? Je, elimu yatosha?

Na tuanze nyumbani kwetu. Siku moja wazazi walitutuma kwa wakubwa wa shule tukawaombee watoto ruhusa ya siku chache za kupalilia, kwa kuwa mvua zilikuwa nyingi na magugu yalikuwa yakiyashinda mashamba. Tulikwenda. Lakini tulipofika mbele ya wakubwa, tuliona moyoni kwamba masomo ni bora kuliko jembe, tukasema kwamba wazazi wako radhi watoto waendelee kusoma. Tulisifiwa sana kwa maneno yale. Tuliporudi, mama mmoja mzee alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mwalimu, umesema vizuri, ila langu hukulisema.” Neno hilo halijatutoka mpaka leo.

Ndipo tulipokumbuka habari za Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, lile ambalo wengi waliliita Legco. Baraza hilo lilikutana mara ya kwanza mwaka 1907, likaisha mwaka 1963, Kenya ilipopata Bunge lake na uhuru wake. Katika miaka hiyo yote swali lile la yule mama liliulizwa humo, ingawa kwa maneno mengine.

Mwanzoni wajumbe wote walikuwa Wazungu, na Gavana mwenyewe ndiye aliyekalia kiti cha mbele. Mwaka 1909 aliteuliwa Mhindi wa kwanza, A. M. Jeevanjee, mfanya biashara. Mwaka 1920 walowezi wa Kizungu walipata kuchagua wajumbe wao wenyewe 11. Lakini Waafrika, ambao walikuwa wengi kuliko wote, na ambao sheria nyingi ziliwahusu wao, ardhi yao, kodi yao na kazi yao, hawakuwa na mtu wao hata mmoja.

Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba katika Kenya mambo ya Waafrika yatangulizwe mbele ya mambo ya wageni. Tangazo lilikuwa kubwa, lakini tazama namna lilivyotimizwa barazani: Waafrika hawakupewa kiti, bali alitafutwa Mzungu wa kuwasemea. Mwaka 1924 akateuliwa Dk. John Arthur, mmisionari wa Kiskoti wa huko Kikuyu, aliyekuwa mganga na mchungaji pia. Baada yake walifuata wengine wa kazi kama yake.

Hatutaki kuwadharau watu hao. Walijua lugha za watu, walijenga shule na hospitali, na pengine walisema maneno mazito ambayo walowezi hawakupenda kuyasikia. Hatuna sababu ya kusema kwamba hawakuwapenda Waafrika. Basi kosa lilikuwa wapi?

Mwaka 1929 ulitokea ugomvi mkubwa katika nchi ya Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana. Dk. Arthur alikuwa mbele katika kuipinga desturi hiyo, naye alikuwa ameona kwa macho yake madhara yake. Wakikuyu wengi walikasirika, wakaacha makanisa ya misheni, wakaanzisha shule zao wenyewe. Wasomaji, neno hili lataka kupambanuliwa kwa uangalifu. Sisi twaamini kwamba desturi ile ni mbaya, na Bunge la Kenya lenyewe liliikataza kwa sheria. Ilikuwa mwaka 2011, na katika Bunge lile walikuwamo wanawake waliochaguliwa na watu, wakainena habari ya miili ya binti zao wenyewe. Lakini kuwa na haki katika jambo si sawa na kuwa msemaji wa watu. Mtu aweza kuwatakia wenziwe mema, naye asiwe kinywa chao. Mwaka ule ilionekana wazi kwamba yule aliyewekwa kuwasemea watu alikuwa akisema nao, wala si kwa ajili yao. Hiyo ni kazi ya mwalimu na ya mhubiri, nayo ni kazi njema. Ila si kazi ya mjumbe. Wazee walisema kweli: kitanda usicholalia hujui kunguni wake.

Miaka 20 ilipita tangu Dk. Arthur ateuliwe, ndipo mwaka 1944 alipoingia Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu. Huyu alikuwa mwalimu. Alisoma Alliance, kisha Fort Hare katika Afrika ya Kusini, kisha Oxford. Alisema juu ya ardhi, na juu ya kipande ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua. Aliweza kusema, lakini hakuweza kushinda, kwa kuwa alikuwa mmoja kati ya wengi. Na yeye pia aliteuliwa na Gavana, hakuchaguliwa na watu. Hata hivyo, siku ile jambo moja lilibadilika: yule aliyesema habari za kipande alikuwa mtu wa jamaa ya wachukuao kipande.

Mwaka 1957 ndio mwaka wa kwanza Waafrika walipopiga kura. Walichagua wajumbe 8: Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Lawrence Oguda, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, James Muimi na Bernard Mate. Mathu alishindwa na Mate katika Jimbo la Kati. Lakini kura zenyewe zilikuwa na masharti. Wakikuyu wengi walinyimwa ruhusa kwa sababu ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Tena mpiga kura mmoja aliweza kuwa na kura moja, au mbili, hata tatu, kwa kadiri ya elimu yake, mapato yake, au utumishi wake wa miaka mingi.

Hapa twataka kuungama. Tuliposoma habari hii mara ya kwanza, sisi tuliosoma, mioyo yetu ilifurahi kidogo. Tulijiambia: “Je, si haki? Aliyesoma gazeti na asiyejua herufi, wapimwe kwa mizani moja?” Lakini tulimkumbuka yule mama wa magugu. Yeye hajui kusoma. Kama kura zingepigwa kijijini kwetu kwa masharti yale, sisi tungekuwa na kura tatu, naye labda asingekuwa na hata moja. Na katika jambo lile la kupalilia, nani alijua zaidi? Yeye alijua njaa ya mwezi wa kungoja mavuno. Sisi twalipwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Elimu yetu ilitufundisha kusema, haikutufundisha maisha yake. Elimu humpa mtu maneno mengi, wala haimpi njaa ya mwenziwe.

Wale wajumbe 8 walikataa kuwa mawaziri chini ya katiba ile, wakadai viti zaidi kwa watu wao. Wengine waliwalaumu, wakisema kwamba mwenye kiti asikatae mto wa kukalia. Sisi twaona walifahamu jambo moja: cheo kitolewacho na mwingine humfanya mjumbe amtazame mtoaji, asiwatazame waliomtuma.

Wala tusidhani kwamba mambo yalikwisha hapo. Mwanamke Mwafrika wa kwanza barazani, Jemimah Gecaga, aliteuliwa mwaka 1958, miaka 51 baada ya baraza kuanza. Na baada ya uhuru, wanaume wa Kiafrika waliwasemea wanawake kama vile Wazungu walivyowasemea Waafrika zamani, mpaka mwaka 1969 alipochaguliwa Grace Onyango wa Kisumu kuingia Bungeni. Ajabu ya moyo wa mwanadamu! Kosa tulilolilia tulipotendewa, tukalitenda sisi wenyewe, wala hatukulitambua uso.

Basi, je, mtu asimsemee mwenziwe kamwe? La, haiwezekani. Kijiji kizima hakiwezi kuingia katika chumba kimoja, wala nchi haiwezi. Lakini twaona mambo matatu ambayo mwenye kumsemea mtu hana budi kuyashika. La kwanza, apeleke neno la waliomtuma kama lilivyo, hata kama yeye halipendi. La pili, akiwa na neno lake mwenyewe, aliseme waziwazi kuwa ni lake, wala asilivike nguo ya wengine. La tatu, arudi. Arudi kwa waliomtuma, awaambie alilolisema na alilojibiwa, nao wawe na uwezo wa kumtuma tena au kumtuma mwingine. Asiyeweza kuondolewa na wale anaowasemea si mjumbe wao. Ni mlinzi wao, na mlinzi huwekwa juu ya mtoto.

Sisi tulikosa yote matatu siku ile moja. Hatukupeleka neno; tulilivika letu nguo ya wazazi; na tuliporudi, tulirudi kutafuta sifa, si kutoa hesabu. Mwaka uliofuata tulimwendea yule mama kabla ya kwenda kwa wakubwa, tukamwuliza, “Mama, tuseme nini?” Alicheka, akatutajia siku alizozitaka. Tulizisema zile zile, kisha tukaongeza kwamba mwalimu kwa upande wake aona vingine. Tulipewa nusu ya siku tulizoomba. Mama alisema zilikuwa chache. Lakini safari hii alisema, “Langu limefika.”