Kujitoa

Usiku wa tarehe 19 Desemba 1981, Trevelyan Richards, nahodha wa boti ya uokoaji ya Penlee, alimkatalia kijana wa miaka 17 kupanda. Neil Brockman alikuwa amefika kituoni kama wengine, tayari kwenda. Tatizo lilikuwa moja tu: babake, Nigel, alikuwa ameshachaguliwa, na Richards hakutaka watu wawili wa nyumba moja usiku kama ule.

Wanaosimulia kisa hiki hukimbilia mawimbi. Mimi hukwama hapo kwenye kukataliwa. Huwezi kutenganisha baba na mwana kama huamini boti inaweza kukosa kurudi. Mzee alikuwa ameshapiga hesabu. Na bado akaenda.

Kisa chenyewe kiko hivi. Mousehole ni kijiji cha wavuvi huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza (jina ukilitafsiri ni tundu la panya, usinicheke). Meli ya mizigo Union Star, katika safari yake ya kwanza kutoka Uholanzi kwenda Ireland, ilizimika injini, na tufani ikaanza kuisukuma kwenye miamba. Ndani mlikuwa na watu wanane, akiwemo mke wa nahodha na mabinti zake wawili. Helikopta ikajaribu, ikashindwa. Ndipo ikatoka Solomon Browne, boti ya mbao ya futi 47, na wanaume wanane wa kujitolea: wavuvi, fundi wa simu, mwenye baa. Mawimbi yalikadiriwa kufika mita 18. Baada ya kujaribu tena na tena, wakasema redioni kwamba wameshawatoa wanne. Wakabaki palepale kuwatafuta wengine. Redio ikanyamaza. Walikufa watu 16, wa meli na wa boti, wote.

Sasa, kuna mtu wa hesabu atasema: wanne si walikuwa tayari mkononi? Geuza boti, rudi, uwe na watu 12 hai. Hesabu yake ni sawa kabisa, ila imepigwa na mtu anayejua mwisho. Kule majini walichokijua ni kwamba kamba ya dakika iliyopita ilikuwa imefanya kazi, na kuna binadamu bado kwenye sitaha.

Lakini pia siwezi kusema ilikuwa wajibu wao. Nani angewashtaki wangebaki nyumbani? Kinachotolewa kwa hiari hakidaiwi. Shida ni kwamba mtu hajitoi peke yake. Aliye na watoto akijitoa, anawatoa nao, na hao hakuna aliyewauliza. Nadhani Richards aliliona hilo kuliko sisi wenye kuandika insha. Hakuwa na uwezo wa kuuliza kila mke na kila mtoto, basi akaweka mpaka: nyumba moja isitozwe mara mbili.

Kiswahili kina ujanja wake hapa. Kujitoa ni kujitolea mhanga, na pia ni kuondoka. Mimi nilijitoa chuo kikuu mwaka wa pili, na hakuna aliyenipa medali. Halafu kuna kujitolea kwetu kwa maofisini, ambako kijana anachapa kazi miezi sita bila senti, ati analipwa kwa uzoefu. Neno ni moja, lakini bosi anayelitumia hivyo hatoi chochote. William Hillary, aliyeanzisha shirika la boti hizo mwaka 1824, aliweka wajane na watoto wa waokoaji kwenye mpango tangu mwanzo. Kama unapokea zawadi ya namna hii, angalau ujue imetoka nyumba gani.

Baada ya ajali, wananchi walichangia zaidi ya pauni milioni 3 kwa familia za Mousehole. Serikali ikataka kutoza kodi mchango huo. Jamani! Watu wakapiga kelele mpaka ikaachana na wazo hilo. Kila tarehe 19 Desemba, taa za Krismasi za kijiji huzimwa kwa saa moja.

Jambo lililonishangaza zaidi ni la siku iliyofuata. Ndani ya siku moja tu, wakati miili mingine bado iko baharini, watu wa Mousehole wa kutosha kujaza boti nyingine walikuwa wameshajitokeza. Ningependa kuuita huo ushujaa na kumaliza, lakini nikiwawazia wake zao, kalamu inasita. Mpaka wa Richards uliokoa mtu mmoja tu usiku ule, na mama mmoja akabaki na mwana.

Mwaka 1983 kituo kilihamia Newlyn, hapo jirani. Neil naye akaingia kwenye boti, na miaka ikapita, akawa nahodha wake. Nani apande na nani abaki nchi kavu, sasa aliyeamua alikuwa yeye.