Nafasi ya Katikati

Watu wawili watatu wamenitembelea nyumbani wakaniuliza mzee wa umri wangu ana shughuli gani na spika tano na sabufa. Huwajibu kwamba mwanangu ndiye aliyezileta. Jibu hilo ni la kweli lakini si kamili, maana mwanangu alizileta ndani ya makasha, akaunganisha nyaya, akarudi kazini kwake. Mahali pa kuziweka nilipachagua mimi. Na katika kupachagua huko nilijikuta nimefeli somo ambalo nimelifundisha wengine kwa miaka mingi.

Zamani jambo hili halikuwa na utata. Redio ilikuwa na spika moja. Iliwekwa dirishani au juu ya kabati, na jioni, saa ya taarifa ya habari na yale Mazungumzo Baada ya Habari ya Radio Tanzania, watu walikaa ndani, wengine barazani, wengine uani. Aliyekaa karibu alisikia zaidi na aliyekaa mbali alisikia kidogo, lakini wote walisikia kitu kilekile. Hapakuwa na kiti ambacho ukikikalia redio inageuka kuwa redio nyingine. Hata niliponunua redio kaseti yenye spika mbili sikujali lolote, kwa kuwa zote mbili zilikuwa katika sanduku moja.

Kuzitenganisha spika mbili kwa makusudi ni fikra iliyotokana hasa na Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI. Inasimuliwa kwamba alikwenda sinema na mkewe, akakerwa kuona mwigizaji anatembea upande huu wa pazia ilhali sauti yake inatoka upande ule. Mwishoni mwa mwaka 1931 akaomba hataza ya namna ya kunasa na kutoa sauti kwa njia mbili. Alikufa mwaka 1942 katika ajali ya ndege walipokuwa wakijaribu rada wakati wa vita, kabla watu hawajaanza kununua santuri za aina hiyo madukani. Mimi kinachonigusa katika kisa hicho ni yule mama aliyekaa kiti cha pili. Yeye alisikia nini jioni ile? Hatuambiwi.

Sasa, spika mbili zikitoa sauti moja kwa pamoja, msikilizaji aliye sawasawa katikati husikia mtu anaimba mbele yake, mahali ambapo hapana spika wala chochote. Akisogea kiasi cha hatua moja upande wa kulia, mwimbaji humfuata na kuingia ndani ya spika ya kulia. Spika zikifika tano masharti huzidi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limependekeza mpangilio ambao mafundi wengi huufuata: spika moja mbele kabisa, mbili nyuzi 30 kushoto na kulia kwake, na mbili za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, zote zikiwa juu ya duara moja. Duara lina kitovu. Kitovuni hukaa mtu.

Sebule yetu ina meta 5 kwa 4. Televisheni iko ukutani, na kochi la watu watatu limeielekea. Mwanangu alipouliza duara tulichore kutoka wapi, sikufikiri hata kidogo. Nilikaa katikati ya kochi, mahali ninapokaa siku zote, nikashika ncha ya kamba kwenye pua yangu. Akapima. Akaingiza vipimo katika risiva, naye akanieleza kazi yake. Sauti husafiri kiasi cha meta 340 kwa sekunde, hivyo kila meta moja ni karibu sehemu 3 za elfu za sekunde. Spika iliyo karibu zaidi na msikilizaji huwahi. Risiva huichelewesha ile ya karibu kidogo, ili na ya mbali ipate kufika, zote zibishe hodi kwa wakati mmoja.

Nilishangaa sana. Kumbe kuna sababu. Mjerumani Helmut Haas alionyesha mwaka 1949, katika tasnifu yake ya chuo kikuu, kwamba sauti mbili zinazofanana zikifuatana kwa muda mfupi mno, sikio huzisikia kama moja na kudhani imetoka kule ilikotoka ya kwanza, hata kama ya pili ina nguvu zaidi. Sikio humwamini aliyetangulia kusema.

Nikiwa mwalimu mkuu nilikuwa na sikio la namna hiyo. Wanafunzi wawili walipogombana, aliyekimbilia ofisini kwanza ndiye aliyenipa sura ya kesi. Yule wa pili alikuja kujibu maswali ya mwenzake. Yupo kijana mmoja niliyemrudisha nyumbani wiki mbili kwa wizi wa daftari na viatu, na baadaye viatu vikaonekana katika sanduku la yule aliyenipasha habari. Nilimwomba radhi mbele ya paredi, lakini mtihani wa muhula ulikuwa umempita. Laiti mtu angalinifundisha mapema kumchelewesha kidogo aliye karibu na mlango wangu.

Basi, kwa miezi kadhaa nilifurahia spika zangu. Mvua ilinyesha nyuma yangu, pikipiki zikapita kushoto kwenda kulia. (Jirani alilalamikia sabufa, na alikuwa na haki: sauti nzito haijali ukuta. Nikaiondoa pembeni, maana kona huizidishia nguvu, nikaipunguza, yakaisha.) Ila niliona kwamba mke wangu, tamthilia ikianza, hukaa dakika kumi kisha anakumbuka jambo la jikoni. Nikajiambia, huyu hapendi mambo haya mapya. Mjukuu wetu ndiye aliyeniambia: “Babu, Bibi hasikii maneno. Anasikia muziki tu.”

Hapo niliona aibu, kwa maana sikuwa mgeni wa habari hiyo. Sikio la kushoto la mke wangu limekufa miaka mingi. Nikitembea naye hukaa kulia kwake bila hata kukumbuka kwa nini. Na yeye hukaa mwisho wa kochi, upande wa kulia. Spika ya nyuma ya kulia iko sentimita 90 tu kutoka sikio lake zima, ikimmwagia muziki na makelele, na ile ya katikati inayosema maneno iko upande wa sikio lililokufa. Hata tamthilia ya kawaida risiva huichambua, maneno ikayapeleka katikati na mengine ikayasambaza pembeni na nyuma. Kama ningetaka kumwekea mitambo ya kumzuia asielewe, nisingeweza kuipanga vizuri zaidi.

Usiku ule nililifikiria jambo hili kama nilivyozoea kufikiria kesi. Kitu chema kikiweza kumfikia mmoja tu kwa ukamilifu, wanaoishi pamoja wakigawane vipi? Njia ya kwanza ni nusu kwa nusu: kisogeze kitovu kiwe kati ya watu wawili. Hiyo inaonekana haki, lakini matokeo yake ni kwamba hakuna hata mmoja anayesikia sawasawa, na usawa wa kunyimwa wote ni faraja ndogo. Njia ya pili ni zamu. Hiyo hufaa kwa baiskeli. Njia ya tatu ni mwenye nacho kuachia, nayo ndiyo niliyoiona bora, kwa sababu ingenigharimu. Darasani niliwahamisha watoto wenye usikivu hafifu kuwaleta mbele, nikajiona mwenye huruma, lakini kiti changu mimi hakikuguswa. Safari hii nitatoa kilicho changu.

Asubuhi nikamwambia kwa sauti ya mtu anayetangaza zawadi: “Mama, kuanzia leo utakaa katikati.”

Akanitazama. “Katikati nifanye nini, Mwalimu?”

Nikamweleza duara, nyuzi na kucheleweshwa kwa spika. Alinisikiliza mpaka mwisho, ni mvumilivu sana, kisha akasema uzuri huo wote ni wa watu wenye masikio mawili. Ni kweli. Anayesikia kwa sikio moja haoni mvua ikinyesha nyuma wala pikipiki ikipita. Kwake sauti zote hutoka upande mmoja. Yeye alitaka kusikia maneno, basi. Na katikati ya kochi kungekuwa na nafuu kiasi, lakini si nafuu aliyoihitaji.

Tumefundishwa, na mimi nimefundisha, kwamba umtendee mwenzako vile ungependa kutendewa wewe. Sina nia ya kuikana kanuni hiyo. Ingefuatwa duniani, magereza yangepungua. Lakini siku ile niliona upungufu wake. Nilikuwa tayari kumpa mke wangu kile ambacho mimi ningekitaka, na ukarimu wangu wote ulikuwa umepimwa kwa kamba ileile, kutoka kwenye pua ileile. Ubinafsi wangu nilikuwa nimeshaukamata usiku. Huu wa pili ulikuwa umevaa kanzu, nikaupokea kama mgeni wa heshima. Na sijui ni mara ngapi nimewatendea hivyo walimu niliowaongoza, na watoto wangu, wakaitikia asante kwa sababu ya adabu.

“Basi wewe wataka nini?” nikamwuliza. Ni swali la maneno manne, na nilichukua miezi kulifikia.

Alitaka mwisho wa kushoto wa kochi. Huko sikio lake zima lingeelekea spika ya maneno, na spika ya nyuma ya kushoto ingepiga kelele zake kwenye sikio lisilosikia. Nilistaajabu kwamba alikuwa amelifikiria hata kuliko fundi. Nikamwuliza kwa nini basi hakuhamia huko siku zote hizi. Akacheka. Mlango wa jikoni uko upande wa kulia, akasema, na mtu wa kuinuka kuandaa chai anaweza kukaa wapi pengine?

Hilo nalo halikuwa katika vipimo vyetu.

Tumekwisha kubadilishana. Spika ya katikati niliitoa chini ya meza, nikaiinua ifikie usawa wa masikio, nikaiongezea desibeli 3. Mke wangu anakaa kushoto, na sasa ndiye anayenieleza nani kamsaliti nani. Nafasi ya katikati, ile iliyopimwa kwa kamba, ameirithi mjukuu, ambaye husinzia kabla kipindi hakijafika nusu. Mimi niko mwisho wa kulia, sentimita 90 kutoka kwenye spika inayomwaga mvua, na mwimbaji kwangu hayuko mbele tena. Yumo ndani ya sanduku la kulia, kama zamani alivyokuwa ndani ya redio. Birika likianza kuchemka, mimi ndiye wa kwanza kulisikia.