Kimya Si Ushahidi

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini je, mvua ikinyesha pasipo wingu, tumuulize nani?

Swali hili lilinijia Mbeya, miaka kadhaa iliyopita, nilikokwenda kuifanyia ofisi moja kazi ya kufasiri. Maandishi yetu yote yalihifadhiwa katika seva iliyoendeshwa kwa mfumo wa Unix. Asubuhi moja ya baridi tuliikuta imeanguka usiku na kujiwasha upya, na kazi ya siku mbili imeharibika. Mkubwa wa ofisi hakukawia kuhukumu. Mashine hii, alisema, ikianguka kwa kasoro yake yenyewe huacha faili la kueleza yaliyoisibu, faili hakuna, basi waya umechomolewa. Na aliyeingia chumba kile usiku ni mama mfagiaji peke yake.

“Mama, ulichomoa waya?”

“Hapana, baba.”

Akaambiwa akae nyumbani.

Fundi wa mashine, kijana mpole, hakubisha. Aliomba muda tu. Alitueleza kwamba kiini cha mfumo kikikumbwa na kosa ambalo hakiwezi kulivuka, humwaga yote yaliyomo katika kumbukumbu kwenye sehemu ya diski iliyotengwa, na mashine ikiamka huyanakili yakawa faili. Umeme ukikatika ghafla, haipati hata pumzi ya kuaga. Hadi hapo mkubwa alikuwa amesema kweli. Lakini kijana alipoipima sehemu ile aliiona ni ndogo kuliko kumbukumbu yenyewe: kumbukumbu iliongezwa, sehemu ikaachwa ilivyokuwa. Akahifadhi kazi yetu pembeni, kisha akaiangusha mashine kwa makusudi mbele ya macho yetu. Ilipoamka, faili halikuwapo.

Alituonyesha pia orodha ya walioingia na kutoka. Palipopasa kuandikwa saa ya kutoka, mashine ilikuwa imeandika neno moja tu, lenye maana ya kuanguka. Haikutaja aliyeiangusha. Ilikiri kisa, ikanyamazia sababu.

Hapa ndipo penye fundisho, msomaji wangu. Kimya huwa ushahidi pale tu palipowekwa shahidi ambaye angesema. Sisi hatukumweka shahidi, kisha tukakifasiri kimya chake. Na tulipokifasiri, kidole kilimwelekea asiye na wa kumtetea. Mnyonge hana haki, husema watu, kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mama yule alirudishwa kazini siku ya tatu. Hakuna aliyemwomba radhi, nami nikiwamo. Sababu ya anguko haikujulikana.

Nikirejea pwani nilishuka Iringa, nikaenda Kalenga kulizuru fuvu la Mtwa Mkwawa. Alijiua kwa risasi Julai 1898, asiangukie mikononi mwa Wajerumani, nao wakakichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulidai kirudishwe. Gavana Twining alikwenda Bremen mwaka 1953, akachagua fuvu moja miongoni mwa mengi, kwa vipimo vilivyolinganishwa na vichwa vya jamaa zake na kwa tundu lililofanana na la risasi. Mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga. Wapo wanaotia shaka kama ndilo.

Mbele ya kabati lile nilijiuliza: mbona shaka ya hapa hainiudhi kama ile ya Mbeya? Nadhani ni kwa sababu heshima yaweza kusimama juu ya dalili haba. Tukikosea, tumemstahi marehemu mwingine, naye pia alistahili kuzikwa. Lakini adhabu haiwezi. Tukikosea katika adhabu, tumemla aliye hai.

Basi anayetaka kuhukumu na aanze kama kijana yule: ampime kwanza shahidi wake, kabla hajakitafsiri kimya chake. Na akiona hajui, aseme hajui, na mama arudi kazini siku ile ile.