Msimamo na Ukaidi

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini mkulima wa Muleba lazima achague, si jembe bali chipukizi. Shina moja la mgomba hutoa machipukizi mengi, naye huyapunguza, akabakiza machache yatakayorithi nafasi ya mama yao. Yanayokatwa si lazima yawe mabovu. Hukatwa ili kibanja kipate kupumua. Je, kocha ateuaye wachezaji anayo haki iyo hiyo?

Swali hilo liliwagawa Watanzania katika zama za Marcio Maximo, Mbrazili aliyeifundisha Taifa Stars tangu 2006 hadi 2010. Kwa muda mrefu alimwacha nje Juma Kaseja, kipa wa Simba, ambaye wengi walimhesabu kuwa bora nchini. Watu walilalamika, kocha hakutikisika. Na ukame ulikuwa mrefu: Bara haikuwa imelishika Kombe la Chalenji tangu 1994, ilhali Zanzibar ililitwaa mwaka 1995.

Wanaomtetea husema kwamba kazi ya kocha ni kujenga timu, si kukusanya majina. Na kwamba ndiye aliyeifikisha Tanzania kwenye fainali za CHAN za mwaka 2009 nchini Kodivaa. Wanaomlaumu hujibu kwamba Desemba 2010, chini ya Jan Poulsen, Kaseja akiwa golini, Chalenji ilirudi nyumbani.

Pande zote mbili zina kosa moja: zinapima haki kwa mizani ya mabao. Kombe halithibitishi kwamba aliyeachwa alidhulumiwa, wala kufuzu hakuthibitishi kwamba alistahili kuachwa. Hata dhalimu huweza kushinda, na mwadilifu akashindwa.

Basi na turudi kibanjani. Mkulima hukata, lakini kila msimu hurudi kutazama. Akiona alilolibakiza limenyauka, hubadili shauri. Msimamo ni uamuzi unaokubali kutazamwa upya. Ukaidi ni uamuzi uliofumba macho, ukajipa jina la msimamo. Kwa nje hufanana kama mapacha. Mwenye kuwatofautisha ni yule tu aliye ndani ya nafsi ya mwamuzi.

Hata hivyo, mfano wa mgomba una kikomo chake. Chipukizi halidai sababu. Mtu hudai, na ana haki ya kupewa. Tena mgomba utachipua mwakani, lakini miaka ya mchezaji ni michache, na iliyopita haichipui. Ndiyo maana mwenye mamlaka ya kuchagua ana deni kwa anayemwacha kuliko kwa anayemteua.

Miaka mingi baadaye, Kaseja alidaka katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akiwa na jezi ya Kagera Sugar. Mkulima ambaye angetoka Muleba kwenda kumtazama angerudi na somo moja: aliyeachwa si chipukizi lililokatwa. Yu hai, na anakumbuka.