Mzigo wa Wana wa Merari



Amplifaya ya gitaa ya kwaya yetu ya vijana, Fender Twin Reverb, ina uzito wa kilo 29 hivi: transfoma na spika mbili za inchi 12 katika sanduku moja. Kila Jumapili huibeba vijana wawili wale wale, nasi twatangulia na vitabu vya nyimbo. Mmoja wao sasa anaumwa mgongo. Alinyamaza tu.

Someni Hesabu 7. Wana wa Gershoni, wachukuzi wa mapazia, walipewa magari mawili. Wana wa Merari, wachukuzi wa mbao na nguzo, manne. Musa aliangalia mzigo wa kila ukoo. Wala msiniambie kwamba Wakohathi walibeba mabegani: amplifaya si Sanduku la Agano!

Vijana wanaomba igawanywe masanduku mawili, mitambo mbali na spika, wabebe wanne. Ombi ni la haki. Ila asiifungue asiye fundi. Hata ikichomolewa, umeme wa kuua waweza kubaki ndani. Mbao tunazo. Fedha ya fundi hatuna, na sadaka ya pili Jumapili ijayo ni kwa kazi hiyo.