Je, Mwili Usiouma Watudai Kitu?

Mtu akiumwa jino hahitaji kuhimizwa. Maumivu yenyewe humpeleka kwa daktari. Lakini uko ugonjwa usiopiga hodi. Shinikizo la damu likizidi, lile ambalo watu huliita presha, mara nyingi mtu hasikii neno lo lote mwilini. Hulima, huimba, hula na kulala. Na huku damu yasukuma kuta za mishipa kwa nguvu isiyo kiasi, mwaka baada ya mwaka, hata siku moja aanguka kwa kiharusi, au moyo wachoka, au figo zaharibika. Basi, twauliza: Mwili usiolalamika, je, watudai kitu? Au wajibu wa kuutunza huanza siku ile unapolia?

Wengi hudhani ya kuwa jambo hili ni la watu wa mjini tu. Walakini katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000, watu wazima walipimwa Ilala, katika Dar es Salaam, na tena katika kijiji cha Shari, wilaya ya Hai. Pande zote mbili, wenye shinikizo la kuzidi walikuwa karibu watu 3 katika kila 10. Na katika hao, waliojua hali yao hawakupata hata mmoja katika kila watano. Twaona basi ya kuwa maumivu ni mlinzi asiyetegemewa. Angojaye kuumwa ndipo ajitunze, amempa kazi ya ulinzi mtu alalaye usiku.

Katika njia za kujikinga, iko moja isiyouzwa dukani, nayo ni kuutumikisha mwili. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walieleza habari za watu wa mabasi ya London. Madereva walikaa kutwa. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Ikaonekana kwamba madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta. Uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha faida ya mazoezi kwa shinikizo la damu pia. Moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi kwa kazi ndogo, na mishipa hulegea. Kwa mwenye ugonjwa huu, hesabu ya juu huweza kushuka kiasi cha milimita 5 hata 8 za zebaki. Si nyingi kwa kutazama, lakini hupunguza hatari ya kiharusi.

Hapo wako wasemao: "Mtu mzima atembeeje bila safari? Atokeje jasho bila jembe?" Twajibu: Alimaye, achotaye maji mbali na apandaye mlima kwa miguu, huyo amekwisha kujizoeza, wala hana haja ya kuongeza mchezo. Lakini wengi wetu leo twakaa mezani, na tukienda hatua mia mbili twaita pikipiki. Jasho ambalo baba zetu walilitoa bila kuulizwa, sisi hatuna budi kulitafuta kwa kusudi. Hiyo si aibu. Aibu ni kujua na kukaa.

Wengine hushika neno la Paulo kwa Timotheo, katika mlango wa 4 wa barua ya kwanza, wakidhani ya kuwa alidharau kujizoeza mwili. Lakini yeye alipima kipi kitangulie. Aliweka zoezi la mwili chini ya utauwa, wala hakulitupa. Aliyeupenda mwili kupita yote amekosea. Naye auachaye uharibike kisha auita uchaji, amekosea vilevile.

Tena wako wasemao, "Mwili ni wangu, nikiuacha, hasara ni yangu." Je, ni kweli? Mtu akipooza upande mmoja, nani amgeuzaye kitandani? Nani aachaye shamba lake ili amlishe? Ni mke, ni mume, ni binti aliyetolewa shuleni. Mguu usiotembea leo huenda kesho ukabebwa na wengine. Kwa hiyo wajibu huu si kwa mwili tu. Ni kwa wote watakaotubeba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba mara nyingi aujengaye si yule aliyeuacha ufa.

Lakini tujihadhari tusimhukumu aliye mgonjwa. Ugonjwa huu hufuata pia ukoo na umri, na chumvi nyingi, pombe na unene huuchochea. Wako watu wenye bidii nyingi nao wamepatwa. Akianguka jirani, kazi yetu ni kumsaidia, si kuuliza alikuwa mvivu kiasi gani.

Basi, tufanye nini? Kwanza, tupimwe, hata tukiwa wazima. Hesabu ikifika 140 juu au 90 chini, ikarudia hivyo siku mbalimbali, ni ya kuzidi. Pili, twende mwendo wa haraka, au tulime, au tuendeshe baiskeli, yapata nusu saa kwa siku, siku tano za juma. Asiyezoea aanze kidogo kidogo. Naye ambaye hesabu yake ni kubwa sana amwone daktari kwanza. Kifua kikiuma au pumzi ikikata, aache mara moja akatafute msaada. Tatu, aliyepewa dawa asiziache kwa sababu ametembea; miguu na dawa husaidiana.

Ninyi walimu na wazee wa sharika, nyumba iliyo karibu iendeeni kwa miguu. Watu watawaona njiani, nao watajifunza bila hotuba. Mwili usiouma hautatushukuru. Lakini deni lisilodaiwa kwa kelele ni deni vilevile, na mtu mwaminifu hulilipa kabla hajaitwa.