Maandalio Kabla ya Siku ya Kutoa



Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu asiye na maandalio asithubutu kuingia darasani. Na nilipoanza kazi niliona kweli yake. Mkaguzi alipofika shuleni hakuanza kwa kusikiliza somo. Aliomba kwanza daftari la maandalio, akalifungua mezani, na mara nyingi alikuwa amekwisha kutujua kabla kengele haijalia. Nalikumbuka daftari lile kila mwaka Majilio yanapokaribia, vijana wetu wanapokuja kuniuliza habari za Jumanne ya Kutoa.

Kwa wasioifahamu, siku hiyo ilianzishwa mwaka 2012 mjini New York. Kule Marekani Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu ya shukrani, na baada yake watu hujaa madukani kununua. Basi wengine wakaona ni vema Jumanne inayofuata iwe siku ya kuwapa wenye haja. Leo huadhimishwa katika nchi nyingi, na michango mingi hupita katika mtandao: mtu husoma habari za kikundi katika simu yake, akaguswa, akatuma alicho nacho. Wala tusidhani kuwa ni jambo la Wazungu tu. Mwaka 2011, ukame ulipowapiga watu wa kaskazini mwa Kenya, jirani zetu walichangishana kwa jina la Kenyans for Kenya. Mtu aliweza kutuma kwa simu hata shilingi 10, na zilipatikana zaidi ya shilingi milioni 500 za kwao.

Najua wako watakaouliza: je, Bwana wetu hakukataza kupiga panda katika mambo ya sadaka? Alikataza. Lakini isomeni tena Mathayo sura ya 6, polepole. Anayekatazwa panda ni mtoaji, ili asitafute sifa. Mwenye kuwaombea wahitaji hakuambiwa anyamaze. Mtume Paulo aliomba waziwazi, tena kwa maneno mengi: sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho ni mchango mtupu, kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Na sehemu kubwa ya maneno yale ni maandalio. Katika Waraka wa Kwanza alikwisha kuwaagiza kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, ili yeye atakapofika isiwe ndipo wanaanza kuchanga. Katika wa Pili anawatanguliza Tito na ndugu wengine, na mmoja wao alichaguliwa na makanisa asafiri na ile karama, asije mtu akawalaumu kwa fedha hizo. Mimi jambo hili hunishangaza. Mtume aliyenyakuliwa hata mbingu ya tatu hakutaka kubeba mfuko wa fedha peke yake!

Sasa niseme la kwetu, maana si haki kuwahubiria wengine nikajiacha.

Miaka michache iliyopita kikundi chetu kidogo, kinachosaidia watoto yatima wanaolelewa na bibi zao, kilijiandikisha zikiwa zimebaki siku mbili tu. Hatukuwa na picha. Mimi, mwalimu mzima, nikasema aletwe mtoto. Akaja mvulana wa darasa la tatu amevaa sare safi, sare ambayo kikundi chenyewe kilimnunulia. Nikaona haitawagusa watu. Nikamwambia aivue avae fulana yake iliyotoboka begani. Alitii, kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Picha ikaenda, na fedha zikaja, ingawa si nyingi.

Jumapili moja baada ya Misa bibi yake aliningoja chini ya mwembe. Ndugu yao aliyeko Dar es Salaam alikuwa ameiona picha ile, akapiga simu kuuliza kama mtoto anatunzwa kweli. Bibi hakupaza sauti. Alisema, “Mwalimu, sare ile naifua kila jioni, nikaianika, asubuhi anaivaa. Fulana ile ni ya kwendea shamba. Kwa nini umenivulia mtoto?”

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nilimwomba radhi, naye akaniitikia kwa upole uliozidi kunichoma.

Tazameni tulivyokosa. Sare ile ndiyo iliyokuwa habari njema. Watu waliotoa mwaka uliotangulia ndio walioinunua, nasi tukawaficha kazi ya mikono yao ili tupate kuwaomba tena. Tulimwibia mtoto heshima yake, tukawaibia na watoaji furaha yao. Yote hayo kwa sababu tulikuwa na siku mbili tu. Asiyejiandaa hushika kilicho karibu, na kilicho karibu daima ni machozi ya mtu mwingine.

Misheni iliyotuletea Injili, ile UMCA iliyotokana na hotuba ya Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, na iliyofika Magila katika miaka ya 1860, iliishi kwa michango ya watu wa mbali. Tangu mwaka 1883 ilichapa gazeti la kila mwezi, Central Africa, kuwapasha watu hao habari za kazi. Sisemi kwamba kila lililoandikwa humo juu ya babu zetu lingetupendeza. Lakini mtoaji hakuachwa mwaka mzima bila neno, kisha akakumbukwa siku ya kuombwa.

Kwa hiyo mwaka huu tumeanza mapema. Barua za shukrani kwa waliotoa zamani zimekwisha kwenda, na hazina ombi lo lote ndani yake. Hesabu zitasomwa kanisani, senti kwa senti. Tulijaribu pia namba yetu ya simu kwa kutuma shilingi 1,000, likatokea jina la mtunza hazina aliyekwisha kuhama! Fikirini kama ingekuwa mgeni aliyeko ng’ambo. Namba sasa imesahihishwa. Vijana wawili watakesha usiku ule, kwa sababu Jumanne ya New York huanza saa 2 asubuhi kwetu na kwisha saa 2 asubuhi ya Jumatano, na mtu aliyeuliza swali usiku wetu hatangoja mpaka tuamke.

Picha hazitatoka mpaka mtoto na mlezi wake wakubali, na watu watatu wazitazame kwanza. Tumemwomba bibi yule awe mmoja wao. Amekubali, ila ametuonya kuwa Jumatano asisumbuliwe, kwa kuwa ni siku ya gulio.